Maziwa ya Kila Saa

Mliponiacha juma lililopita nilikuwa nimeinamia ukingo wa meli katikati ya Ziwa Viktoria, natapika vitu vyeusi kama machicha ya kahawa, na baharia mmoja ananikemea nisimchafulie sakafu.

Kwa asiyekuwapo: mimi ni Mwantumu binti Kibwana, wa Mtawanya, karibu na Kibiti. Miaka mitano tumbo lilinila. Mganga wa Mtunda alisema ni chango, akaninywesha mizizi mpaka ulimi ukawa mgumu kama gome. Nilipotapika damu juu ya mkeka wa maulidi, mbele za watu, habari zikamfikia Abbasi, mwanangu wa maziwa, aliyekuwa daktari huko Kampala. Akaleta nauli na barua: mama aje huku, hivi ni vidonda vya tumbo, apasuliwe. Nikapanda lori, nikapanda treni mpaka Mwanza, nikapanda hiyo meli. Zilikuwa zama za Mwingereza, mwaka wa hamsini na sita.

Majuma yote haya kuna jambo nimekuwa nikilizunguka kama kuku anavyozunguka moto. Leo nalitoa. Mwenye moyo mwepesi aigeuze karatasi.

Hospitali ilikuwa kubwa, safi, inanuka dawa hata kwenye mashuka. Chakula cha wenyeji wa huko ni ndizi za kupikwa kwa mvuke, hazina nazi, hazina chumvi. Niliwaonea huruma. Lakini hata hizo sikupewa. Mgonjwa wa vidonda vya tumbo, kwa madaktari wa siku zile, alikuwa na chakula kimoja tu, nacho ni maziwa.

Kila saa. Jua likichomoza, maziwa. Saa mbili, maziwa. Saa tatu, maziwa. Aliyeyaleta ni nesi mmoja mrefu tuliyemwita sista, Mganda, mwenye sauti ya chini na Kiswahili cha kuokoteza. Alisimama pembeni ya kitanda mpaka nimalize, na kikombe nikirudishe kitupu.

Yalikuwa yamechemshwa, na juu yake utando. Ule utando ulining'ang'ania mdomoni kama kamasi la mtoto. Nikiuondoa kwa kidole, unanifuata kidoleni. Nikiumeza, unasimama kooni, hauendi chini, haurudi juu.

Nilimwomba Abbasi anibadilishie, anipe hata uji wa mchele. Akacheka. Akawaambia wagonjwa wenzangu kwamba mama huyu mnayemwona alimnyonyesha yeye mpaka akaota meno, leo anashindwa na kikombe kimoja.

Wodi nzima ikacheka. Mimi nikakimbilia ndoo. Hayakuwa matapishi ya vidonda.

Sasa sikilizeni.

Mwaka aliozaliwa Abbasi nilikuwa nimezika kitoto changu cha kwanza, cha siku kumi na mbili. Mume wangu Mtoro kalala ndani, mguu umevunjwa na boriti kule delta alikokuwa akikata mikoko. Wakati huohuo Bi Zamda, mke wa Mzee Mshamu, tajiri wa boriti pale Kibiti, alijifungua mtoto wa kiume akashikwa na homa ya uzazi. Maziwa hayakuja. Mzee Mshamu akatangaza kwamba atakayemnyonyesha mwanawe mpaka amwachishe, shamba lake la minazi la Mtawanya atampa.

Nikaenda. Kifua kilikuwa kimejaa, kinaniuma. Nikampakata mtoto, akanyonya, akashiba, akalala. Alasiri akanyonya tena akashiba. Asubuhi yake tena.

Kisha yakakatika.

Nilikunywa uji wa pilipili manga. Nilijikanda kwa maji ya moto mpaka ngozi ikababuka. Halikurudi hata tone. Haki ilikuwa nimrudishe mtoto kwao niseme, jamani, sina. Badala yake niliomba nimchukue Mtawanya, kwenye utulivu, mbali na nyumba ya mgonjwa. Wakaniamini. Huko nikakamua mbuzi, nikatia maji, nikachovya kitambaa, nikamtia mtoto kitambaa mdomoni.

Kitambaa kilichacha. Nikakisuuza, kikachacha tena. Harufu yake ninayo puani hadi leo ninapoandika. Wakija watu wa Kibiti kutazama, nilijitanda kanga, nikamweka mtoto kifuani, naye ananyonya kitambaa huku wao wanasema mashallah.

Mtoto akanenepa. Shamba nikapewa.

Kwetu, mtoto akinyonya kwa mwanamke mara tano za kushiba, mwanamke huyo amekuwa mama yake, na watoto wote wa mwanamke huyo ni ndugu zake. Haoi kwao. Mimi nilimnyonyesha mara tatu. Nani mwingine alihesabu?

Miaka sita baadaye nikamzaa Johari.

Mnaona ninakokwenda. Mwaka wa hamsini na moja Abbasi alirudi likizo kutoka Makerere, akaja Mtawanya kunisalimu, akamkuta Johari anatwanga. Alikuja kusalimu siku tisa mfululizo. Siku ya kumi alimwambia baba yake kwamba hamtaki mwingine. Mzee Mshamu akashtuka, akamwita sheikh kutoka Ruaruke, tukakalishwa barazani.

Sheikh aliniuliza polepole, kwa heshima, kama nina yakini kwamba mtoto alinyonya mara tano za kushiba.

"Sheikh," nikasema, "nani huhesabu? Alinyonya mpaka akaota meno."

Johari alikuwa nyuma ya pazia. Alikuwa akichezea bangili zake kwa wasiwasi tangu tulipoketi. Nilizisikia bangili zikinyamaza.

Ningesema tatu, shamba lingerudi kwa mwenyewe na jina langu lingekuwa mwizi, Kibiti mpaka Mbwera. Nikachagua minazi. Binti yangu nikampa Mohamedi wa Ruaruke, akakaa naye miaka miwili, akarudi na sanduku lake, na tangu hapo hasemi nami ila kwa haja. Vidonda vilianza mwaka uleule wa baraza.

Ndiyo maana nasema Abbasi aliponiita mama mbele ya wodi, nilijiona kama chungu kilichopakwa samli nje, na ndani amefia panya.

Daktari mkubwa alikuwa Mzungu mwenye mikono ya baridi. Nilisema sitakubali mwanamume anifunue tumbo asipokuwapo Abbasi, kwa kuwa yeye ni mwanangu, ni maharimu wangu. Nililisema hilo kwa ulimi huuhuu. Abbasi akafurahi, akaniahidi atasimama kichwani pangu mwanzo hadi mwisho.

Akanichorea nyuma ya karatasi. Tumbo lilikuwa kama kiriba, na juu yake nyuzi mbili zinashuka kutoka kichwani. Ile ndiyo mishipa ya fahamu, akasema. Kichwa kikiwa na dhiki, nyuzi hizi hulipelekea tumbo habari, nalo humwaga uchachu, uchachu unalila tumbo lenyewe. Wao watazikata nyuzi na kupanua mlango wa chini, vidonda vitapona.

Nikamuuliza kama zikikatwa kichwa hakitasema tena na tumbo. Akasema hakitasema.

Nikawaza, laiti wangekata na ule uendao kwenye ulimi.

Maana kitanda cha pili alilala mama mmoja wa Bukoba, mcheshi, aliyekwisha kupasuliwa nyongo. Yeye ndiye aliyenitia hofu. Alinieleza kwamba nusukaputi haimlazi mtu hivihivi, humfungua kinywa kwanza. Kuna mwanamke, akasema, alimtaja baba halisi wa mtoto wake wa pili, na mumewe kasimama mlangoni na kikapu cha machungwa.

"Una siri, mwenzangu?" akaniuliza.

"Sina."

"Basi utalala vizuri. Mimi nilipoamka niliwakuta manesi wananijua kuliko mume wangu."

Akacheka mpaka akajishika mshono. Mimi sikupata usingizi.

Asubuhi ya Jumatatu walinilaza juu ya meza chini ya taa. Abbasi alikuwa kichwani pangu, kafunga kitambaa mdomoni. Kitambaa cheupe. Nilikitazama kile kitambaa nikataka kuinuka nikimbie. Sindano ikaingia mkononi. Abbasi akaniambia kwa upole nihesabu kwa sauti mpaka kumi.

Nakumbuka moja. Nakumbuka mbili.

Nilipozinduka, mpira mwembamba ulikuwa umepita puani umeshuka mpaka tumboni, na mwisho wake wa nje umo ndani ya chupa kando ya kitanda. Chupa ilikuwa ikijaa majimaji ya kijani, tone kwa tone. Nikayatazama kutwa nzima. Yametoka kwangu. Nilisikia kinyaa nisiweze hata kugeuza shingo, kwa sababu nikigeuka mpira unanivuta koo.

Abbasi hakuja. Alikuja daktari mwingine kutazama mshono. Siku ya pili vivyo hivyo. Sista mrefu aliniosha uso, akanilowesha midomo kwa pamba yenye maji, akanigeuza ubavu kama anavyogeuzwa mama mzazi. Nilipomuuliza daktari wangu yuko wapi, akainamisha macho akasema ana kazi nyingi.

Siku ya nne wakautoa mpira. Alasiri yake Abbasi akaja. Akavuta kiti, akaketi, hakunishika mkono.

"Ulipoambiwa uhesabu mpaka kumi," akasema, "unakumbuka uliishia wapi?"

Nikasema sikumbuki.

"Uliishia tatu. Ukaanza upya, moja, mbili, tatu. Mara nne ulianza, mara nne uliishia hapohapo. Kisha ukasema, 'Tatu tu, Sheikh, hazikufika tano.' Daktari mkubwa akaniuliza mama yako anasema nini. Nikamwambia anahesabu."

Chupa walikuwa wameiondoa. Sikuwa na pa kutazama.

"Nakuuliza kama alivyokuuliza sheikh. Nilinyonya mara ngapi?"

Ningeweza kusema ni maneno ya dawa. Yule wa Bukoba angenisaidia kuapa. Lakini nilikuwa nimechoka kujinusa.

"Tatu," nikasema.

"Na baadaye?"

"Maziwa ya mbuzi, mwanangu. Kwa kitambaa."

"Usiniite mwanangu."

Hakupaza sauti. Aliinuka akaenda kwenye bomba la mwisho wa wodi, akanawa. Hakuwa amenigusa, lakini alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kidole kwa kidole, kama anayetoka kupasua jipu. Mama wa Bukoba akaacha kukoroma akamtazama.

Akarudi, mikono inadondosha maji.

"Miaka mitano nimemwita dada. Alipoolewa nilimpelekea kanga doti mbili, na salamu za kaka."

Nikaona mlango umefunguka. Nikamwambia harakaharaka kwamba Johari alimwacha Mohamedi, yuko nyumbani, hana mume, na sasa hakuna kinachowazuia. Nilikuwa natabasamu, Mungu anisamehe. Nilitabasamu kama mtu aliyerudisha kitu kilichopotea.

Alinitazama kama nilivyoitazama ile chupa.

"Lala, Bi Mwantumu," akasema, akaondoka.

Nikadhani ni hasira, zitapoa. Mwanamume akipenda siku tisa mfululizo hasahau. Kesho yake nikamwomba sista karatasi, bahasha na kalamu. Nilijua kuandika, nina chuo changu cha Kurani na madarasa yangu matatu ya shule. Ndani niliandika kwa herufi za Kiarabu, kama tunavyoandikiana Mrima. Juu ya bahasha nikaweka herufi za Kizungu, watu wa posta wasome.

Nilimwandikia Johari kwamba Abbasi si ndugu yake, hakuwa ndugu yake hata siku moja. Kwamba nilisema uongo kwa ajili ya minazi. Kwamba nimekwisha kumwambia Abbasi mwenyewe, na njia sasa ni nyeupe, aje Kampala upesi, mwanamume anamngoja.

Nikampa sista aipeleke posta. Alilitazama jina la juu ya bahasha kwa muda mrefu kuliko jina linavyohitaji, kisha akaitia mfukoni mwa aproni.

Siku mbili nilikaa kama bibi harusi. Nilikunywa maziwa yangu bila kulalamika. Nilihesabu siku za meli na siku za treni.

Siku ya tatu, kwenye kikombe cha saa sita mchana, sista aliketi juu ya kitanda changu. Masista hawaketi juu ya vitanda vya wagonjwa. Akaweka kikombe kwenye kijimeza, akatoa bahasha mfukoni. Haikuwa imefunguliwa, wala haikuwa na stempu.

"Barua hii sijapeleka," akasema. "Huyu Johari, nani?"

"Binti yangu."

"Daktari Abbasi hakuli, tangu siku ya kupasua wewe. Akilala anaita jina hili."

Nikamuuliza yeye amejuaje anachosema daktari usingizini.

Aliuchukua mkono wangu, akaupitisha chini ya aproni, akauweka tumboni mwake. Lilikuwa gumu, la duara. Miezi minne, labda mitano. Wakunga wa Mtawanya wangejua kwa macho tu. Mimi nilikuwa nikitazama kikombe.

"Mimi mke wake," akasema. "Mwaka wa pili. Kwao hawajui. Anaogopa mama Zamda, kwa kuwa mimi Mkristo. Alisema, mama yangu wa maziwa atakuja, huyo ana moyo mzuri, yeye atatusemea."

Kumbe kila saa. Kila kikombe kile, kila pamba ya maji midomoni, kila mara aliposimama pembeni kungoja nimalize, alikuwa ni mkwe anamhudumia mama mkwe. Nami kila saa nilimtemea utando kwenye beseni.

Alinirudishia mkono wangu kwa adabu, akaiteremsha aproni.

"Barua ya mtu sifungui," akasema. "Ningeweza kutupa. Lakini wewe mama ya mume wangu. Nisomee. Kama ni salamu za mama na mtoto, leo hii napeleka posta kwa mguu wangu."

Nikaipasua bahasha. Herufi za ndani hakuzijua, alizitazama kama mtu anavyotazama nakshi za mkeka. Ningeweza kumsomea nitakalo. Salamu, hali ya mshono, habari za mvua. Angeamini, angeinuka na tumbo lake, angeipeleka mwenyewe posta barua ya kumwita mke mwenzake. Johari wangu angefika, na hapo Abbasi angefanya atakalofanya.

Au ningesoma kilichoandikwa. Hapo barua isingeondoka kitandani pale, na Johari angebaki Mtawanya akiamini mpaka kufa kwamba alimpenda kaka yake.

Maziwa yalikuwa yamekwisha kushika utando. Nikakichukua kikombe, nikanywa yote, na utando wake, bila kupumua. Nikangoja tumbo lichome. Halikuchoma. Nyuzi zilikuwa zimekatwa, halikuwa na habari yoyote ya kichwa changu.

Sista akasogea, akainamisha sikio asikie vizuri.

Mstari wa kwanza niliusoma kama ulivyo: Johari mwanangu, salamu nyingi baada ya salamu.

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Endelea, mama," akasema.